Siku Tulipozihamisha Ndege za Nyeri

Vijana wa mnara, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Ni zawadi ya ajabu kumpa mtu mliyemwambia papo hapo kwamba hahitaji tena kuangalia saa, lakini nimeitundika sebuleni hapa Gatitu na inakwenda vizuri. Kabla sijakata keki, mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli kwamba siku tulipohama kutoka uwanja wa zamani kulikuwa na arusi katikati ya njia ya ndege. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Sasa nina nafasi ya kujibu kwa urefu. Nitaanza mbali kidogo, maana siku ile haieleweki bila watu waliokuwamo. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Siku yangu ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya visigino. Nilikuwa nimetoka chuoni Nairobi, na nilidhani mnara wa kuongozea ndege ni ofisi kama ofisi nyingine. Mnara wa zamani, kwa wale ambao hamkuuona, ulikuwa chumba cha vioo juu ya nguzo, na ngazi yake ya chuma ilikuwa nje, imesimama wima kama ngazi ya ghala la mahindi. Nilipofika juu nilikuwa nimeshika viatu mkononi. Ndani alikuwamo mwanamume mrefu, shati lake limepigwa pasi kwenye kola peke yake, anakula muhogo wa kuchemsha huku macho yake yako angani. Hakugeuka.

"Wewe ndiye yule msichana wa hapa Gatitu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nyar Gatitu," akasema, yaani binti wa Gatitu kwa lugha ya kwao, na hilo likawa jina langu kwake mpaka leo. "Keti hapo. Usiguse kitu. Sikiliza."

Huyo ndiye Mzee Odhiambo, mkuu wa zamu. Alikuwa ameletwa Nyeri kutoka upande wa Kisumu kwa muda mfupi, na ule muda mfupi ukamletea nyumba, shamba dogo la kahawa, na watoto wanaoongea Kikuyu kunishinda mimi. Nikaketi nikasikiliza. Nilisikiliza siku ile, na kesho yake, na wiki nzima, mdomo umefungwa kama wa mtoto aliyeadhibiwa. Chuoni tulifundishwa namna ya kusema na rubani. Odhiambo alinifundisha namna ya kumsikia.

"Rubani akiwa na wasiwasi hawezi kukuambia ako na wasiwasi," aliniambia. "Ataongea haraka haraka, ama atakuwa mpole ghafla. Sasa huyo mpole ndiye wa kuogopa."

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Krismasi ilipofika alikwenda kwao kwa basi, siku nzima barabarani, na kuku wawili miguuni. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Mimi hawa marubani nawajua," alisema. "Nimewasikiliza miaka mingi sana."

Mama yangu naye alikuwa na maelezo yake kuhusu kazi yangu. Aliwaambia akina mama wa kanisani, "Huyu wangu huita ndege, na zinakuja." Nadhani aliniona nimesimama uani na kopo la mahindi kama anayeita kuku. Nilijaribu kumsahihisha mara kadhaa, kisha nikaacha. Hakuwa amekosea sana.

Vifaa vyetu vingewachekesha. Tulikuwa na redio mbili, moja ikipona nyingine inaugua. Tulikuwa na darubini yenye jicho moja zima. Tulikuwa na taa ya ishara, kubwa kama tochi ya mlinzi, ya kumwonyesha rubani rangi ya kijani au nyekundu endapo redio yake imekufa. Na tulikuwa na king'ora cha kuzungusha kwa mkono, cha kufukuza ng'ombe na watu. Hicho ndicho kilichofanya kazi kuliko vyote. Njia ya mkato ya kwenda madukani ilipita katikati ya uwanja, na majirani hawakuona kwa nini wazunguke ua mzima kwa sababu ya ndege chache. Tuliwafukuza baba zao, tukaja kuwafukuza na wao. Kukiwa na ng'ombe kwenye njia ya ndege hatukuita polisi, tulimwita Mama Nyokabi. Alikuwa na kibanda cha chai na chapati karibu na lango, na alimjua kila ng'ombe na mwenyewe. Alikuwa akitoka na mwiko mkononi, akiita jina moja tu kwa sauti, na mwenye ng'ombe alitokea kwenye migomba akiwa amekwisha kuomba msamaha.

Kuna kisa kimoja cha miaka ile ambacho nawapa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya kujisifu. Kijana mmoja mwanafunzi wa urubani alipotea juu ya mawingu peke yake. Alikuwa anatoka Nairobi kuja kwetu, mawingu yakajifunga chini yake kama blanketi, na dira yake ikawa inampa majibu asiyoyaamini. Sauti yake ilikuwa ya haraka, kisha ikawa ya upole sana. Odhiambo alikuwa nyuma yangu. Hakuninyang'anya redio. Aliweka tu kiganja mezani, akasema polepole, "Muulize anaona nini. Usimuulize yuko wapi. Yuko wapi hajui."

Nikamuuliza unaona nini. Akasema mawingu. Nikamwambia tafuta tundu. Akalipata: chini kulikuwa na mto mwekundu, daraja, na mji kwenye mgongo wa kilima, mabati mengi mapya. Yeye alisema hapo ni Karatina. Mimi shangazi yangu ameolewa Murang'a, na kile kilima nimekipanda na gunia la viazi mgongoni. Nikamwambia hapo si Karatina, baba, hapo ni Murang'a, geuza pua yako kaskazini na ufuate barabara, usiiache hata ukiiona mbaya. Alikuja ameifuata barabara ile mpaka akatuona. Alipotua alikaa ndani ya ndege kwa muda mrefu, kisha akaenda kwa Mama Nyokabi akala chapati. Mama Nyokabi alimwacha ale. Siku hizi huyo kijana ana mvi na anaendesha ndege kubwa.

Basi miaka ikaenda. Odhiambo akastaafu, nikakaa kwenye kiti chake. Mji nao ukatusogelea. Nilipoanza kazi, upande wa mashariki wa uwanja ulikuwa kahawa tupu. Baadaye zikaja nyumba, kisha nyumba za ghorofa, mpaka marubani wakawa wanatuambia wanaweza kusoma maandishi kwenye fulana zilizoanikwa kwenye roshani. Ndege za watalii ziliongezeka, za mboga na maua zikaongezeka, za wagonjwa kutoka kaskazini zikaongezeka. Ikaamuliwa kujengwa uwanja mpya kule nyanda za juu kuelekea mlimani, mrefu, wenye taa na mitambo, na sote tukatangaziwa kwamba tutahama.

Watu hudhani kuhamisha uwanja wa ndege ni kama kuhama nyumba. Ukihama nyumba unaweza kuweka kitanda barabarani ukapumzika. Ndege huwezi kuiweka popote. Wakati unahama, kuna iliyo hewani inayokuja kwako na lazima ijue inakwenda wapi. Kwa hiyo tulifanya mazoezi kwa miezi. Bwana Barasa, mkuu wetu mpya wa mnara wote, mtu wa Bungoma mwenye subira ya mwalimu wa nasari, alitukalisha kwenye mnara mpya tukaongoza ndege ambazo hazikuwepo. Yeye alikuwa nyuma yetu akiigiza marubani wote peke yake, kila mmoja na sauti yake: wa watalii mwenye haraka, wa mboga anayelalamika, na mmoja mzee asiyesikia vizuri. Huyo asiyesikia tulimpenda sana. Kwa wiki nyingi wenzangu walisikitika kwamba si mtu wa kweli.

Mpango ulikuwa hivi. Jumamosi asubuhi, ndege zote zilizolala uwanja wa zamani zingeruka moja baada ya nyingine kwenda kule kupya. Redio, mitambo na kila kitu kingepanda lori. Gari la zimamoto lingeondoka baada ya ndege ya mwisho. Gari la wagonjwa la uwanja lingetangulia kule mapema, maana sheria inalitaka mahali penye ndege. Na mtu mmoja angebaki na redio ya mkono hadi ndege ya mwisho iruke, atandaze misalaba ya kitambaa cheupe kwenye njia ya ndege ili kila rubani ajue imefungwa, kisha afunge lango. Mtu huyo alikuwa mimi. Bwana Barasa alisema ni heshima. Mimi nadhani ni kwa sababu funguo nilikuwa nazo.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Ndege ya mwisho ilipopaa niliitazama mpaka ikawa nukta, nikatangaza kwenye redio kwamba uwanja umefungwa, na sauti yangu ikafanya mambo niliyoikataza. Mzee Odhiambo alikuwa amekuja kushuhudia, amevaa tai, na safari hii shati lote lilipigwa pasi. Tulitandaza misalaba pamoja na wafanyakazi, tukaipigilia vigingi kama vya hema. Lori likaondoka, gari la zimamoto likaondoka likipiga honi. Tukabaki mimi, Odhiambo, na Mama Nyokabi, ambaye alikuwa bado hajaambiwa kama atapewa nafasi ya kibanda kule kupya, na kwa hiyo alikuwa anakoroga chai kwa nguvu kuliko kawaida.

Ndipo watu wakaanza kuingia.

Kwanza walikuja wawili watatu, wakisimama ukingoni, wakinitazama kama nitazungusha king'ora. King'ora kilikuwa kwenye lori. Mzee mmoja akaweka mguu kwenye lami, akauondoa, akauweka tena. Kisha wakaja wote. Gatitu yote ilikuja. Akina mama wenye miavuli, watoto wenye baiskeli, wanaume waliotembea mikono nyuma kama wakaguzi. Miaka yote hiyo walikuwa wameiona lami ile kwa kuibia, mbio mbio, na sasa walitaka kuikanyaga bila haraka. Sikuwa na moyo wa kuwakataza, na sikuwa na sababu. Mchungaji mmoja alikuja na gari lenye vipaza sauti kuuombea uwanja. Na baada yake ukaingia msafara wa arusi kutoka kanisani, gari la Noah jeupe lenye riboni mbele, na mpiga picha aliyetaka bibi arusi apigwe picha na barabara isiyo na mwisho nyuma yake. Alikuwa na kile kindege kidogo cha kamera, kinavuma kama nyuki. Maharusi walikuwa vijana wa hapahapa. Bwana arusi ana duka la vipuri, na bibi arusi, jina lake Muthoni, ni muuguzi wa zahanati. Gauni lake lilikuwa refu na wasimamizi walilishika lisiguse lami.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Bwana Barasa.

"Madam Wangui, uko wapi?"

"Niko uwanjani. Nakunywa chai."

"Huku tumefunikwa." Sauti yake ilikuwa ya upole mno. Nikaweka kikombe chini. "Ukungu umeshuka kutoka mlimani, sioni hata mwisho wa maegesho. Ndege za kawaida nimezirudisha Nairobi. Lakini niko na Kapteni Mwende hewani. Anatoka kaskazini na mgonjwa. Mama aliyejifungua, anavuja damu. Daktari aliye naye anasema hospitali ya Nyeri wameshamwandalia damu na chumba cha upasuaji, lakini akipelekwa Nairobi hafiki."

"Na Nanyuki?"

"Nanyuki nako mvua imefunga. Nimeuliza kote. Hapo kwako kukoje?"

Nikatazama juu. Upande wetu jua lilikuwa linawaka. Nikatazama chini. Kulikuwa na watu mamia kwenye njia ya ndege, na mchungaji alikuwa amefika kwenye pambio.

"Hewa ni safi," nikasema. "Njia ina watu."

"Mimi siwezi kukuamuru uifungue kutoka huku, Madam. Sioni unachoona. Wewe ndiye uko hapo. Ukisema hapana, ni hapana, na hakuna atakayekulaumu."

Nataka mwelewe, vijana, kwamba hilo ndilo jambo zito kuliko yote niliyoambiwa katika kazi hii. Ndege ikigusa watu, ni watu wangu, majirani wa mama yangu. Nikikataa, kuna mwanamke hewani ambaye sitamwona kamwe. Hakukuwa na zimamoto, mnara ulikuwa hauna kitu, na mkononi nilikuwa na redio ya ukubwa wa kitabu cha nyimbo.

"Mwambie aje," nikasema. "Lakini hatui mpaka mimi niseme. Nikisema azunguke, azunguke."

Nilimweleza Odhiambo na Mama Nyokabi kwa maneno machache. Odhiambo hakuniuliza kama nina hakika. Aliuliza, "Ile darubini iko lori?"

"Iko lori."

"Basi nitatumia macho ya Mungu." Akavua tai, akaitia mfukoni.

Niliwakimbilia watu wa karibu nikapaza sauti kwamba kuna ndege inakuja, tokeni. Walicheka. Mzee mmoja akanipungia mkono. "Ati ndege? Si mlifunga? Madam, hata leo mnatufukuza?" Nilistahili jibu hilo. Ukiwafukuza watu maisha yao yote, siku ya kweli hawakuamini.

Mama Nyokabi ndiye aliyejua la kufanya. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la mchungaji, akamnyang'anya kipaza sauti katikati ya pambio, na sauti iliyokuwa ikitosha bila mitambo ikatoka na mitambo.

"Watu ya Gatitu! Kuna mama mgonjwa kwa ndege! Amezaa juzi, na damu inaisha! Mtu akibaki kwa barabara, huyo mama anakufa, na mimi nitasema ni nani! Kila mtu kwa ua! Shika mtoto, shika baiskeli! Wewe Kariuki, nakuona!"

Sijui Kariuki alikuwa anafanya nini, lakini alikimbia, na wote wakakimbia. Wakajipanga kando ya ua kutoka mwanzo hadi mwisho, watoto wakiwa wamebanwa kati ya magoti ya mama zao. Wasimamizi wa arusi nikawaonyesha ile misalaba. Rubani akiiona hatui, ndiyo maana yake. Wakang'oa vigingi, wakakunja vitambaa, na Muthoni mwenyewe akaliacha gauni likaburuta akashika ncha moja.

Hapo Kapteni Mwende akaniita. Kwenye redio tunaongea kile Kiingereza chetu kikavu, lakini nitaandika kama nilivyomsikia moyoni. "Nauona mji," alisema. "Nauona uwanja. Nani yuko hapo?"

"Ni Wangui."

"Asante Mungu. Niambie."

Nilitaka kumwambia, nikasikia nyuki.

Kile kindege cha kamera kilikuwa bado hewani. Nilimgeukia mpiga picha, kijana aliyevaa kofia nyuma mbele, na uso wake ulikuwa wa kijivu. "Kimeenda mbali, Madam," akasema. "Skrini imekatika. Nakiita kirudi, sikioni."

"Kapteni, zunguka," nikasema. "Kuna kitu hewani karibu na njia. Zunguka upande wa magharibi."

Akasema, "Nazunguka. Wangui, daktari anasema tusizunguke sana."

Tulitafuta angani sote, mamia ya watu, viganja juu ya macho. Sauti tuliisikia, kitu chenyewe hatukukiona. Odhiambo alikuwa amesimama peke yake katikati ya lami, miguu imetanuka, shingo nyuma, kama nilivyomwona mara elfu dirishani. Kisha akanyoosha mkono, hakupiga kelele hata kidogo. "Pale. Juu ya mikaratusi, kushoto kwa tangi la maji. Kijana, geuza uso wako huku. Sasa kilete chini. Polepole. Polepole kama unateremsha chungu."

Kijana akakiona. Kikaja, kikayumba, kikaanguka kwenye viazi vya mtu nje ya ua. Nikatazama njia ya ndege kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa tupu. Hata mbwa hakuwepo.

"Kapteni Mwende," nikasema, "upepo ni mdogo, unatoka mashariki. Zimamoto hakuna. Watu wako kando ya ua pande zote mbili. Njia ni yako. Tua."

Akatua. Magurudumu yalipogusa lami hakuna aliyepiga makofi.

Gari la wagonjwa lilikuwa kule kupya, kwenye ukungu. Nililisahau, na Barasa alikuwa amelikumbuka. Lilikuwa njiani tayari, lakini barabara ile mnaijua. Daktari alifungua mlango wa ndege akatazama huku na huku, akauliza, "Gari liko wapi?" Kabla sijafungua mdomo Muthoni alikuwa amekwisha kumwambia mumewe, "Toa viti vya nyuma." Walimlaza yule mama ndani ya Noah ya arusi. Alikuwa msichana mdogo, ushungi umelegea, midomo imekauka. Muthoni akapanda naye, gauni na yote, akashika ile chupa ya dripu juu, na bwana arusi akaendesha. Wakatoka langoni taa zote zinawaka na riboni zinapepea, na watu barabarani wakawapisha huku wakiwapigia vigelegele, wakidhani ni arusi. Ilikuwa arusi.

Kapteni Mwende aliketi kwenye kibanda cha Mama Nyokabi mpaka ukungu ulipopanda. Alikunywa chai mbili, kisha akasema, "Hii chai itaenda kule kupya, ama mnataka tufe?" Nilimfikishia Bwana Barasa maneno hayo kama yalivyo. Sijui kama ndiyo yaliyosaidia, lakini kibanda mnakijua kilipo, na chapati mnazijua. Alasiri akaruka kwenda kule, na nikampa ruhusa ya kuruka kwa redio ile ndogo. Hiyo ndiyo ilikuwa ndege ya mwisho ya kweli. Kabla ya magharibi Muthoni akapiga simu kutoka hospitalini. Mama ametoka upasuaji, anaishi, ameuliza mtoto wake aliyebaki kwa bibi yake amekula nini. Wiki kadhaa baadaye alipita kwetu uwanja mpya akirudi kwao, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Hakunijua, na sikuona haja ya kujitambulisha. Nilimbebea tu mfuko mpaka mlangoni.

Kuhusu ile ruhusa niliyotoa, niliitwa na wakubwa nikaulizwa maswali, na ilikuwa haki yao kuuliza. Niliwaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Bwana Barasa aliketi kando yangu muda wote. Waliandika walichoandika, nikarudi kazini. Mambo ya uwanja mpya mnayafahamu, mengine mmeyaona kwa macho yenu, kwa hiyo sitawachosha nayo.

Ila ile Jumamosi yenyewe ilikuwa haijaisha. Kapteni Mwende alipokwisha kuondoka tulitandaza misalaba mara ya pili, na watu wakarudi kwenye lami, safari hii wakitembea taratibu, wakiongea kwa sauti za chini. Mama Nyokabi akafunga kibanda. Akaniambia, "Na wewe, Madam? Umewahi kutembea hapa?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimepita pale kwa gari nikikagua mashimo, nimekimbia nikifukuza ng'ombe. Kutembea tu, sikuwahi.

Basi tukatembea, mimi na yeye na Mzee Odhiambo, kuanzia upande wa mji kuelekea mlimani. Marubani walikuwa wakiniambia miaka yote kwamba njia ile ina mwinuko, na mimi nikiitazama kutoka juu mnarani niliiona tambarare kama meza, nikadhani ni visingizio vyao vya kutua vibaya. Tulipofika kati magoti yangu yakaanza kunieleza ukweli. Mama Nyokabi akawa anahema. Mlima ulikuwa umejifunua wote, theluji yake imepata rangi ya jua la jioni.

"Wacha tusimame," Odhiambo akasema. "Nyuma yetu hakuna kitu kinakuja."

Hata hivyo tuligeuka sote watatu tukatazama angani, kwa mazoea. Kisha tukasimama pale pale, katikati ya njia ya ndege, tukapumzika.